Unyayo Ulioishia kwa Mzee wa Steshenari

Watu wengi wa Nyamongo walimjua kwa kandambili zake. Ya kulia nyekundu, ya kushoto ya bluu, na ukimuuliza kulikoni alikujibu kwamba miguu yake haijawahi kugombana, kwa hiyo haoni sababu ya wewe kuigombanisha.

Aliitwa Mzee wa Steshenari kuanzia Kerende hadi geti la mgodi. Jina lake nalijua, lakini silisemi, kwa sababu mwenyewe alifundisha kwamba jina ndicho kitu cha mwisho cha kumtafutia mtu katika wilaya hii. Majina nitakayoyataja kwa makusudi ni mawili: Nyamhanga Kibao, aliyekuwa mwenye duara, na Sasi, msimamizi wake. Duara ni shimo la wachimbaji wadogo. Sasi ndiye aliyetoa matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta za shimo, akayapeleka kwenye duara jipya. Kibao ndiye aliyemwambia ayatoe. Asubuhi hiyo nilitangulia mimi kutoka nyumbani na kushuka, nyuma yangu akafuata mdogo wangu Mwita, na shimo likafumba mdomo. Mimi walinivuta na mguu uliopinda kama mpini wa mwavuli. Mwita yumo humo mpaka leo.

Kibao hakutaka kufukua. Alimwambia mama yangu mbele ya watu kwamba Mwita hakuwemo. Kwamba ameonekana Sirari akivuka kwenda Kenya na gunia la mawe ya wenzake. Nikasema nilikuwa naye shimoni. Wakasema jiwe limenipiga kichwani. Basi mama akabaki na mtoto ambaye hajafa wala hajarudi, na juu yake mwizi. Watu walitupa pole. Zile pole tunazo hadi leo, hazijatumika. Mzee wa Steshenari peke yake ndiye hakutupa pole, na ndiyo maana namwandika. Kaburi la Mwita sasa lipo, ndani yake mna udongo wa lile duara, na aliyelichimba ni Nyamhanga Kibao kwa jembe la kukopa, akitoka jasho mpaka kwenye masikio. Nitaeleza tulivyofika hapo.

Steshenari yenyewe ilikuwa chumba cha mabati katikati ya karasha la kusagia mawe na kibanda cha Mama Robhi, muuza uji, ambaye asubuhi aliwapelekea wachimbaji maduarani, yeye na binti yake. Karasha likinguruma, kompyuta inatetemeka na vumbi la mwamba linaingia kwenye chai. Mzee alikuwa akisema chai yake ina dhahabu, atakapokufa wamchenjue kama mchanga wa mawe, waitoe.

Hiyo kompyuta ilikuwa imekufa mara mbili. Mara ya kwanza iliuawa na virusi, kijana mmoja wa Tarime mjini akaifufua kwa kuiwekea mfumo wa bure. Mara ya pili ikafa mausi. Mtu mwingine angenunua mausi nyingine. Lakini mzee alikuwa bahili, bahili wa kukohoa nusu na nusu kuiweka akiba. Akachukua kitabu kinene kisicho na jalada alichopewa pamoja na mashine, akakaa nacho msimu mzima wa mvua, akajifunza kuiendesha kwa kuandika amri tupu. Hakuwa na picha za kubonyeza wala mshale wa kusogeza. Kioo chake kilikuwa cheusi, herufi nyeupe, na mzee anaandika huku akinong'ona.

Sasa wewe fikiria mchimbaji anaingia mle. Mchimbaji ni mtu anayeamini ndoto, shangazi, bundi na rangi ya chupi aliyovaa siku aliyopata. Anaona mzee ananong'onea kioo cheusi na maandishi yanapanda juu kama siafu. Wakaanza kumletea kuku. Wengine walitaka aulize kule ndani mwamba umelalia upande gani. Mzee alipokea kuku, akawachinja, akawala, na Jumamosi akasimama kanisani, maana alikuwa mzee wa kanisa wa Wasabato, akahubiri kwa ukali dhidi ya watu wanaopeleka kuku kwa waganga.

"Mzee, si kuku wale uliwala wewe?" nilimuuliza.

"Ningewaacha waende kwa mganga kweli?" akasema. "Nimewaokoa watu, na kuku nao."

Mimi niliishia darasa la nne, na yale mambo ya kioo cheusi aliniambia yeye, kwa lugha ninayoielewa. Nilikuwa naingia kujikinga jua, namsumbua.

"Shikamoo mzee. Hapo unafanya nini?"

"Marahaba, mura. Nachunga."

"Unachunga nini?"

"Mafaili. Folda ni boma. Ndani ya boma kuna zizi, ndani ya zizi kuna kibanda cha ndama. Faili ni ng'ombe. Wewe ng'ombe wako akipotea, utafungua mazizi yote ya Tarime kwa mkono wako?"

"Nitauawa, mzee."

"Basi unatuma mtu. Na mimi namtuma huyu." Akaandika neno moja, akabonyeza, na kioo kikajaa. "Nimemwambia zunguka maboma yote, niletee kila ng'ombe mwenye baka jeupe. Amekwenda na kurudi kabla hujafunga mdomo. Na ufunge, inzi wataingia."

Nikauliza sasa ile anayoiita skripti ni nini. Akasema amri moja ni kama kumwambia mbwa kamata. Skripti ni kumfundisha mbwa kazi nzima: toka, zunguka, ukiona hiki kilete hapa, ukiona kile kiache, ukimaliza rudi ulale. Unaandika mara moja tu, mistari michache juu hadi chini, unampa mbwa jina. Kesho unaita jina, kazi yote inafanyika wewe unakunywa chai.

Na majina ya mbwa wake sasa! Yupo aliyeitwa Mama Mkwe, kazi yake kutafuta. Huyo aliingia kila folda, mpaka zile zilizofichwa zisionekane, akafunua na kutoa taarifa. Yupo Mwenyekiti, aliyekusanya vitu kutoka folda za watu na kuviweka vyote kwenye folda moja. Yupo Polisi, aliyeandika taarifa ya kilichotokea baada ya kila kitu kwisha. Na yupo Fisi, mfutaji. Fisi mzee alimwogopa. Mfumo ule hauna jalala la kuokotea tena. Kilichoingia tumboni mwa Fisi kimeingia. Kwa hiyo kabla ya kumtuma, alimwamuru kwanza aonyeshe tu anachotaka kula, majina yakapanda kwenye kioo, mzee akayasoma yote kwa kidole, ndipo akamfungulia mdomo. Alisema ndoa nyingi zingepona kama watu wangefanya hivyo.

Alikuwa mtu wa ajabu kwa namna alivyojipinga mwenyewe. Alihubiri nyimbo za dunia ni njia ya motoni, na biashara iliyomlisha ilikuwa hiyo: kujaza nyimbo kwenye memori kadi za simu. Mchimbaji akitoka shimoni analeta kadi yake, anataka rumba, anataka za Kikurya, anataka za Wajaluo za kule Migori. Mzee anaita mbwa mmoja, kadi inajaa, na wakati wote redio ya dukani inaimba kwaya.

"Mzee, unatuuzia dhambi," tulimwambia.

"Mimi mpagazi tu. Mzigo ni wenu."

Lakini Sabato aliishika kweli, hapo sina utani. Ijumaa jua likizama alifunika kompyuta kwa kitenge na hakuigusa mpaka kesho jioni. Siku moja Nyamhanga Kibao alisimamisha gari lake jekundu mlangoni, jua likiwa linagusa mlima, akataka achapiwe kitu haraka.

"Jua limezama, bwana mkubwa."

"Limezama wapi? Silioni lile pale?"

"Lile ni la kesho. La leo limekwisha."

"Wewe mzee, unajua unaongea na nani?"

"Najua. Ndiyo maana naongea polepole."

Kibao aliondoka akitifua vumbi, na Mama Robhi akacheka mpaka akaunguza uji. Mzee mwenyewe hakucheka. Aliifunika mashine taratibu, akaondoka na kandambili zake.

Sasa nije kwenye kosa lake, maana si malaika huyu.

Sisi Wakurya majina yetu tunayajua. Simama katikati ya soko la Nyamongo uite "Chacha!" Nusu ya soko itageuka. Waliobaki ni kina Marwa na kina Mwita, nao wanangoja zamu yao. Baba Marwa anamzaa Mwita, Mwita anamzaa Marwa, inazunguka hivyo hivyo kama ng'ombe kwenye kinu, na hatuoni tatizo, kwa sababu nyumbani tunatofautishana kwa mama, kwa mlima, kwa kovu. Kompyuta haina habari ya kovu.

Mzee alikuwa akiwapiga watu picha za vitambulisho. Kila picha akaiandika jina la mwenyewe, na picha zikatapakaa kwenye folda za kila mwezi. Siku moja akaona fujo imezidi, akamtuma Mwenyekiti azikusanye zote kwenye boma moja. Mwenyekiti akafanya kazi yake. Akimkuta Mwita Marwa ameshaingia, na anakuja Mwita Marwa mwingine, hakuuliza. Alimweka mpya juu ya wa kwanza, na wa kwanza akapotea kabisa. Kuna herufi moja tu ya kuongeza kwenye amri ile ili mbwa asimame na kuuliza kwanza, mzee, hapa pana mtu, nimkalie? Hakuiweka. Mtu wa mji mwingine, wenye majina ya kila aina, angepona. Mkurya mzima, anayejua nyumba yake ina kina Mwita wangapi, akasahau.

Hakugundua. Aliyegundua ni mama yangu.

Ilikuwa baada ya duara kufumba. Mimi nimesharudi kutoka hospitali, nimelala nimefungwa mguu kwa mbao. Kila kitu kilikuwa kimekwenda kombo. Hata shati langu jipya la maua ya njano, nililolinunua mnadani jana yake na sijalivaa, lilipotea nyumbani siku ile ile ya ajali. Nilimshuku binamu yangu aliyekuja kunitazama hospitali, maana alikuja akiwa na furaha kidogo kuliko inavyotakiwa. Nilimnyima salamu miaka mingi. Mama yeye alisema, kama Kibao anasema Mwita yuko Kenya, basi nipeni picha yake niende Sirari, nivuke mpaka Migori kwa dada yangu, nionyeshe watu. Picha ya Mwita katika dunia hii ilikuwa moja, ile ya kitambulisho.

Akaenda steshenari. Mzee akaandika jina, akachapa, akampa karatasi.

Mama akaitazama, akaigeuza nyuma, akaitazama tena.

"Huyu nani?"

"Si Mwita Marwa, mama?"

"Huyu ni Mwita Marwa wa mtu mwingine. Mwanangu ana masikio."

Ni kweli. Mwita wetu alikuwa na masikio ya kupokea mvua. Mzee akatafuta juu, akatafuta chini, akamtuma Mama Mkwe kwenye kila shimo la mashine ile. Mama Robhi, aliyekuwa ameegemea mlango, aliniambia baadaye kwamba mzee aliacha kunong'ona. Akavua kofia. Akamwambia mama yangu, "Nimemfunika mwanao." Mama hakuelewa. Alirudi nyumbani na picha ya mtoto wa watu, kwa sababu alishaichapisha na aliona vibaya kuitupa.

Kwa asiye wa kwetu nieleze. Ng'ombe wakiibwa, yowe linapigwa, wanaume wanafuata unyayo. Unyayo ukiingia kijiji fulani, wenye kijiji wanaambiwa, toeni unyayo. Wakionyesha ulikotokea upande wa pili, wako huru, lakini nao wanajiunga na msafara mpaka kijiji kinachofuata. Wasipouonyesha, ng'ombe wako kwao na watalipa wao. Hakuna kusema sikuona, nilikuwa nimelala, mimi ni mtu wa kanisa.

Siku ya pili mzee alifika kwetu anavuta mtamba mwekundu kwa kamba. Mtu aliyekohoa nusu! Alisimama uani, hakutaka kukaa.

"Mama Mwita, unyayo wa mwanao umeingia kwangu na sina pa kuuonyesha ulikotokea. Nimekuja kulipa."

Mama alimtazama mtamba kichwa hadi mkia. "Huyu nimfanyeje? Nimwite Mwita?"

"Ni desturi, mama."

"Desturi ni ya ng'ombe. Mimi nimepotelewa na mtoto. Rudi na ng'ombe wako."

Mzee akageuza mtamba, na lazima niseme ukweli, niliona mabega yake yakishuka kwa nafuu kubwa. Alifika kwenye mlango wa ua akasimama. "Basi unyayo bado uko kwangu," akasema bila kugeuka. "Nitautoa."

Mimi nikamwambia mama, huyo hatumwoni tena. Nilikuwa namfahamu binadamu wakati huo, au nilidhani.

Kuanzia siku hiyo, kila memori kadi iliyoingia dukani kwa ajili ya nyimbo ilipitiwa na Mama Mkwe kabla ya kupokea wimbo wowote. Mzee alikuwa amembadilisha. Hakumwambia tena tafuta jina. "Jina hapa kwetu ni kama nyasi," aliniambia. "Kila ng'ombe analo mdomoni. Na simu haziandiki jina la mtu, zinaandika namba tupu. Lakini kila faili lina siku lililozaliwa. Nimemwambia, niletee kila picha iliyopigwa siku duara lilipofumba, au siku za karibu yake. Hata ya mbuzi." Simu za Kichina zilikuwa zimejaa Nyamongo, na kila mpumbavu alikuwa akipiga picha kila kitu. Aliamini katika kundi lile la picha, mahali fulani, nyuma ya bega la mtu, Mwita amepita.

Yalitokea mengi kwenye zile kadi! Mzee alikuwa ananakili picha za siku zile zote, siku ya ajali na za karibu yake, anazihifadhi, na mimi najua kwa sababu nilimwona mara moja akiruka kwenye kiti kama aliyekalia nge, nikachungulia begani mwake kabla hajageuza kioo. Viongozi wa kijiji wakiwa wamevaa kidogo sana. Mke wa mtu Ikoma, mume wa mtu Kerende, katika chumba kimoja kilichoezekwa kwa bati la msaada. Mzee wa kanisa aliyafumbia jicho moja yote hayo, na jicho jingine akaendelea na kazi. Nilimsihi anionyeshe vizuri.

"Natafuta ng'ombe mmoja," akasema. "Sihesabu ng'ombe wa watu."

"Hata kwa mbali, mzee?"

"Toka."

Hakumwambia mtu hata neno moja. Akikutana na wale watu njiani aliwaamkia kwa heshima iliyozidi, na wao wakashangaa.

Lakini Nyamongo ni mdomo. Kibao akasikia kwamba mzee anachunguza picha za siku ile. Hakuja mwenyewe. Alimtuma Sasi kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba, ambaye mpaka wiki iliyopita alikuwa akiita duka lile baraka, akagundua ghafla kwamba anahitaji chumba cha kuwekea mahindi. Aliyemfukuzisha mzee wa watu ni Nyamhanga Kibao. Narudia ili msisahau: Nyamhanga Kibao, mwenye nyumba ya wageni yenye taa za rangi. Mzee akapakia mashine yake kwenye mkokoteni, akaenda Ringwani kulima. Nikasema basi, na unyayo umekwenda naye.

Miaka ikapita. Duara la Kibao likaota miti. Mama aliendelea kuweka sahani ya Mwita, si kwa machozi. Aliiweka kama mtu anavyoacha mlango bila komeo. Mtu akitoka Kenya, alimuuliza. Mara mbili tatu watu wasio na haya walimdanganya kwamba wamemwona, wakala chakula chetu.

Halafu siku moja akaja mwendesha bodaboda wa Ringwani na maneno ya mdomo: "Mzee anasema uje na mama yako. Anasema msichelewe, jua la Ijumaa halimngoji mtu."

Tulifika Ijumaa alasiri. Nyumba ya udongo, sola ndogo juu ya paa, uwele umeanikwa. Ile kompyuta ya zamani ilikuwa kwenye kivuli chembamba cha ukuta, ubavu umefunguliwa, na ndani yake kuku amelalia mayai.

"Shikamoo mzee. Umemfanyaje mwenzako?"

"Marahaba. Amepandishwa cheo. Zamani alitunza mafaili, sasa anatunza vifaranga. Karibu mama. Karibu sana. Kaa hapa, si pale, pale atakudonoa."

Alikuwa amekonda, ndevu zote nyeupe, lakini kandambili zilikuwa zile zile, au warithi wake: nyekundu na bluu. Sasa alikuwa na laptopu iliyokatika shingo, ameiegemeza kwenye debe. Siku za mnada alikaa nayo kando ya ng'ombe, akiwajazia watu nyimbo za motoni kama kawaida. Na kila kadi, miaka yote ile, kwanza Mama Mkwe.

"Mnamkumbuka Mama Robhi?" akasema. "Alihamia Ikoma, anapika kwenye kantini ya wafanyakazi wa hoteli za mbugani. Mnada uliopita alikuja kununua mbuzi. Akanipa kadi yake, ile ile ya zamani, anataka nyimbo za kwaya. Wa kwanza kuniomba kwaya tangu nianze biashara."

Akaigeuza laptopu kumwelekea mama.

Mbele kabisa amesimama Nyamhanga Kibao, miwani nyeusi, mkono kiunoni, mguu juu ya jiwe kama ameua simba. Alipenda kupigwa picha namna hiyo, na Mama Robhi ndiye aliyekuwa akiagizwa ampige kwa simu yake. Nyuma yake Sasi, anatoka upande wa shimo na gogo begani. Timba. Nilitazama lile gogo mpaka macho yakauma. Na pembeni, kamba kiunoni, nusu ameshaingia shimoni, kijana amegeuza kichwa anacheka kuelekea kwenye uji. Masikio yote mawili yamo.

Kuku alitetea kwenye kompyuta. Mzee akasema polepole, "Kibao atasema simu inadanganya tarehe. Ni kweli, zile simu ukitoa betri tu zinarudi utotoni. Mimi najua ni siku ile, lakini wazee wa ukoo watauliza."

Mama alikuwa amesogeza uso mpaka karibu agonge kioo.

"Hilo shati ni lako," akaniambia.

Nikatazama. Maua ya njano.

"Ulilinunua jana yake," mama akasema. "Uliniletea nilishike, ukasema mtu asilivae. Asubuhi halikuwepo. Siku ya kulivaa ilikuwa ile moja tu." Akanyoosha kidole akamgusa Mwita begani, pale kwenye kioo. "Amelichukua bila kuomba. Shati jipya, kuvaa shimoni!"

"Binti wa Mama Robhi ndiye aliyekuwa anapakua uji," mzee akasema kwa sauti ndogo.

Mama akacheka. Kicheko kilikuwa kimekaa muda mrefu sana, kilitoka na kutu. Kisha kikageuka, na mzee akainuka akaenda kutazama uwele ambao haukuwa na shida yoyote, na mimi nikabaki nimemshika mama mkono, nikiwaza kwamba nina binamu wa kumwomba radhi na sina hamu nayo.

"Kumbe hakwenda Kenya," mama akasema mwishowe. "Kumbe yupo hapo hapo."

Mzee alirudi, akachapa picha ile kwenye kimashine chake kidogo, akampa mama. Akatazama jua. "Kuna kazi moja kabla halijagusa mlima." Akaandika jina la Fisi. Kwanza akamwamuru aonyeshe anachotaka kula, na majina ya mafaili, namba tupu, yakaanza kupanda: picha zote alizokusanya kwa watu, miaka yote, uchi wote na uongo wote wa Nyamongo, zinapita mbele ya macho yangu kama msafara wa harusi.

"Mzee. Kabla hujafuta. Kama mna ya mke wa Kibao, hiyo tu."

"Mwenye ng'ombe amempata ng'ombe wake. Mazizi ya watu yafungwe. Bonyeza wewe."

"Mimi?"

"Wewe ndiye mwenye tamaa. Bonyeza."

Nikabonyeza. Fisi hata hakucheua. Mzee akafunga laptopu, akaifunika kwa kitenge, na jua likazama.

Asubuhi tuliamka mapema kurudi. Mama alikuwa ameifunga picha kwenye pindo la khanga, na alikuwa amekwisha kusema kwamba hatupitii nyumbani. Tunakwenda moja kwa moja kwa Kibao, halafu kwa wazee wa ukoo, tuwaambie Kibao atoe unyayo. Kengele ya kanisa ililia upande wa pili wa bonde. Mzee akatoka ndani amevaa koti lake la Sabato, kola imenyooka, na fimbo mkononi.

"Ibada njema, mzee," nikasema.

"Ibada gani? Unyayo umetoka kwangu. Unaingia kwa Kibao. Anayetoa unyayo huusindikiza, au umesahau wewe ni mtoto wa nani?"

"Lakini leo ni siku yako," mama akasema. "Tunaweza kungoja kesho."

Mzee alikuwa ameshatupita. "Aliyetumbukia shimoni hutolewa siku yoyote, Mama Mwita."

Akashika njia ya kuelekea barabara ya Nyamongo. Mvua ilikuwa imenyesha kidogo, vumbi limelala, na nyuma yake zilibaki nyayo za kandambili mbili zisizofanana, moja yenye mistari, moja iliyokwisha laini kabisa. Mama akainua khanga yake kidogo, akawa anakanyaga humo humo.